Nyakato, Nimekubali Wachukue Damu ya Pacha Wako

Mpendwa mwanangu Nyakato,

Pacha wako Nyangoma ameota meno mawili ya mbele ya kudumu. Wewe ulituacha mkiwa na miaka minne, kwa hiyo sijui yako yangekaaje, ingawa mlifanana hata baba yenu akawa anawachanganya.

Mlilala chandarua kimoja, mkala sahani moja, na homa ikawapata wiki moja. Dawa niliwapa sawasawa. Nyangoma siku ya pili alikuwa anakimbia kibanjani, kwenye migomba. Wewe ulibaki mkekani, viganja vimepauka. Niliona. Lakini mawingu yalikuwa yametanda na kahawa imeanikwa nje, nikasema tutakwenda kesho.

Asubuhi ulikuwa unahema kama umepanda mlima. Baba yako aliendesha pikipiki, nimekupakata nyuma yake. Hospitalini walisema malaria imekumaliza damu. Baba yako alitoa yake, na ilikuwa bado inadondoka kwenye mpira ulipoachia kidole changu.

Bibi yenu alisema nilizoea kumnyonyesha Nyangoma kwanza, ndiyo maana wewe ulikosa nguvu. Nami nilikuwa natafuta kosa langu.

Mwezi uliopita Nyangoma alipata homa. Safari hii sikungoja hata saa moja, nikampeleka hospitalini. Alipokwisha kuanza dawa, daktari mmoja mtafiti, binti kutoka Muleba, aliniamkia, akaomba damu yake kidogo. Wanachunguza kwa nini malaria huwamaliza damu watoto wengine na wengine huwaacha.

Baba yako alikataa. "Mwenzake aliishiwa damu," akasema, "na huyu mumpunguzie?"

Nilimsimulia yule binti habari zako. Alivuta kiti, akaketi. Akanieleza kwamba vimelea huvunja chembe nyekundu za damu, lakini kwa watoto wengine kinga ya mwili hupigana kupita kiasi, ikavunja hata chembe nzima, na mifupa ikachelewa kutengeneza damu mpya. Akasema mapacha kama ninyi huzaliwa na vinasaba vilevile, ila ugonjwa ukiingia, mwili wa mmoja unaweza kuwasha vile ambavyo wa mwenzake umevizima.

"Kwa nini kwa huyu na si kwa yule?" nikamuuliza.

"Ndicho tunachotafuta, mama. Bado hatujajua."

Nilimuuliza pia kuhusu ile siku moja niliyochelewa. Hakunidanganya. Alisema kuwahi husaidia sana, ila wapo waliowahishwa na bado wakaondoka. Nililia mbele yake, Nyakato, kilio ambacho sikulia msibani kwako.

Baba yako akanisogezea kalamu. Nikasaini.

Siku hizi usingizi umeanza kunirudia. Ile siku moja bado ni yangu, siwezi kumpa mtu mwingine. Lakini siamini tena kwamba nilikupenda pungufu.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Nyangoma aliuliza kama ile damu itapelekwa kwako. Nikamwambia hapana, ni kwa ajili ya watoto watakaougua kama ulivyougua wewe. Alitazama plasta mkononi mwake.

"Basi wangechukua nyingi," akasema.

Lala, mwanangu. Nasi tupo.

Ni mimi mama yako, ambaye kijiji chote cha Rugu bado kinamwita Mama Mapacha, na bado anaitika.