Waliotupigia Kabla ya Hospitali

Old Moshi, Kilimanjaro

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Goti lako linasemaje siku hizi? Nasikia mvua zimewachelewea huko Kibondo na mihogo imeanza kujikunja majani. Nawaombea, na huwa nawaza namna unavyoteremka kisimani na ndoo wakati mguu wenyewe hauna nguvu. Mwache mdogo wangu Sefania achote, ameshakuwa mwanamume.

Sisi huku tunapumua. Glory meno yake ya mbele yameota, anacheka ovyo ili tuyaone. Baba Glory anaendelea kupandisha wageni mlimani. Mimi bega la kushoto bado halinyanyuki vizuri, na habari ya bega hilo ndiyo imenifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ulisikia nusu, nusu nyingine ukasimuliwa na watu. Naomba Sefania akusomee polepole, na pale utakapotaka kulia umwambie anyamaze kwanza.

Unamkumbuka wifi yangu Upendo, yule aliyekuja kwenye harusi yetu akacheza mpaka kiatu kikakatika kisigino. Alilazwa hospitali mjini akafanyiwa operesheni ya uvimbe tumboni. Walituambia imeenda vizuri. Asubuhi iliyofuata mimi na mama mkwe tulikuwa jikoni tunamenya ndizi za mtori wa kumpelekea. Baba Glory alikuwa juu mlimani na wageni, simu yake haipatikani. Simu ya mama mkwe ikaita. Mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi, akaniambia niibonyeze na niweke sauti kubwa.

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole kama ya mtu wa kanisani.

"Shikamoo mama. Poleni sana kwa msiba wa dada Upendo. Tunapiga kutoka duka la majeneza. Gari tunalo, maua tunayo, na wapiga picha tunao. Tunaweza kuja sasa hivi hapo nyumbani mkachagua."

Mama mkwe akasema, "Umekosea namba, baba. Upendo wangu anasubiri mtori."

Yule mtu akauliza, "Kwani hospitali bado hawajawapigia?"

Mama, hivyo ndivyo mzazi alivyoambiwa kuwa mtoto wake amekufa. Aliweka kisu juu ya maganda. Hakulia. Akaniambia, "Mama Glory, piga wodini." Kabla sijapata namba, simu ikaita tena. Safari hii alikuwa mwanamke wa duka lingine, anasema watatupunguzia bei tukikubali leo, na tusiwasikilize wale wenzao maana majeneza yao ni ya mbao mbichi. Muuguzi alipokuja kupiga, akasema tu kwamba ndugu wanaombwa wafike hospitali. Hakusema kwa nini. Nikamwonea huruma, kwa sababu alichokuwa anakificha kilikuwa kimeshauzwa.

Hapo ndipo mama mkwe alipopiga ukunga. Majirani wakaja kutoka kila upande wa kihamba, shamba letu la migomba, kina mama wakamzunguka wakamkalisha uani. Shemeji yangu Godlisten, ambaye ni mdogo wa Baba Glory na amefuatana ziwa na Upendo, hakutaka kukaa na watu. Alichukua panga akaingia migombani kukata ndizi za kuwapikia waombolezaji. Tulimsikia anakata, na anavyokata haikuwa kazi ya kukata ndizi.

Hatujakaa sana, ikaingia pikapu bila hodi, ikavunja mgomba wa pembeni. Nyuma ilikuwa na jeneza jeupe lenye vishikio vya rangi ya dhahabu, limefungwa kamba. Akashuka kijana mrefu amevaa tai nyeusi. Alikuwa hajafika kwa mama mkwe, gari la pili likaingia, Noah, akashuka mtu mnene ana simu kubwa mkononi yenye picha za majeneza. Akaanza kuwapitishia kina mama waliokuwa wanalia, mmoja mmoja, kama mtu anayeuza vitenge.

Yule wa tai akamwambia, "Kaka, huyu mteja wangu. Nimempigia wa kwanza."

Yule mnene akajibu, "Umempigia wa kwanza, lakini habari umepewa na nani? Yule wa wodini ni mtu wangu, mimi ndiye ninayemlisha."

Walisemezana hivyo mbele yetu, mama, mbele ya mama aliyefiwa. Wakashikana mashati. Yule mnene akamsukuma mwenzake kwenye pikapu, wakavutana na kamba, jeneza likateleza likaanguka chini. Mfuniko ukafunguka. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe kinang'aa, kikaingia tope.

Mama mkwe alitoka mikononi mwa wale kina mama. Alitambaa kwa magoti mpaka pale, akaingiza mikono kwenye kitambaa kile akitafuta. Akili yake ilimwambia kuwa wamemletea mwanawe na kwamba yumo. Alikuwa anamwita jina, kichwa na mabega viko ndani ya jeneza.

Godlisten alitokea migombani wakati huo. Alichokiona ni mama yake, nusu ya mwili imo jenezani. Aliyekuwa karibu ni yule wa tai, na alipoona panga limeinuliwa akakinga kichwa kwa mkono wa kulia. Mlio niliousikia ni ule wa kukata mgomba. Mkono ulikatika kwenye kifundo cha mkono, ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Akampiga tena begani, akamwangusha. Damu iliruka ikanipata usoni, ya moto. Yule mnene alirukia Noah yake akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, na Godlisten akamkimbilia akipiga vioo kwa panga mpaka gari likamshinda mbio. Hakurudi uani. Alipanda moja kwa moja kuelekea msituni.

Nilidhani imekwisha. Lakini watu walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na msiba wake wa zamani. Mama mmoja alipiga kelele kwamba hao hao ndio waliompigia siku aliyokufa mumewe. Kumbe karibu kila nyumba iliwahi kupigiwa. Wakaanza kumpiga yule wa tai mateke. Pembeni kulikuwa na mawe tuliyokusanya kwa ajili ya msingi wa banda la ng'ombe, wakayafuata hayo. Niliona jiwe likitua kwenye mdomo wake na meno yakatoka. Kuna mwanamume alikwenda kwenye pikipiki yake kunyonya petroli kwa mpira.

Yule kijana pale chini akalia, "Mawe, mawe."

Watu walisikia Kiswahili. Mtu mmoja akamjibu, "Utayapata," akaokota jingine. Mimi peke yangu uani pale nilisikia alichosema. Unajua mwenyewe sisi Waha tukiumia tunamwita nani. Kwa Kiha chetu alikuwa anamwita mama yake.

Sikufikiri. Nilimlalia. Jiwe lililokuwa linakwenda kichwani kwake likanipata mimi begani, nikasikia mfupa ukilia ndani. Nikapiga kelele, "Ni wa kwetu, jamani, huyu ni wa kwetu." Teke jingine likaniingia mbavuni. Aliyewasimamisha ni fundi Elifuraha, seremala jirani yetu, mtu mzima. Alimnyang'anya yule mtu dumu la petroli akalimwaga kwenye mfereji, akasema, "Mkitaka kuchoma mtu, chomeni na mkwe wa nyumba hii, halafu nyumba hii izike wawili." Mikono ikashuka.

Tulimfunga mkono kwa khanga yangu. Elifuraha akaendesha ile ile pikapu, mimi nimekaa nyuma nimeshika kichwa cha kijana. Jeneza tuliliacha uani. Nikaingia hospitali kwa mlango niliokuwa niingie na mtori, nimelowa damu ya mtu mwingine, na wifi yangu yuko chumba cha maiti.

Baba Glory alishuka mlimani na vumbi la viatu vyake. Tulimzika Upendo kihambani, kando ya baba yake, kwenye jeneza la mbao za mgrivea alilolitengeneza Elifuraha. Mchungaji akiwa katikati ya sala, simu ya mama mkwe ikapata ujumbe. Baba Glory akausoma, akaizima. Baadaye aliniambia: walikuwa wanauza misalaba na marumaru za kaburi.

Sasa sikia lililoniumiza kuliko jiwe. Maneno yale, "ni wa kwetu," yalizunguka kijijini yakarudi yamebadilika. Wakasema Mama Glory alikuwa anamjua yule mtu wa majeneza. Ni watu wa kabila moja. Ndiye aliyempa namba, akamtangazia kifo, ili agawiwe chochote. Hata sokoni niliuziwa mboga bila kusalimiwa. Na polisi walikuwa wananitaka nieleze nani alishika panga, kwa sababu wote waliokuwepo walisema walikuwa wanalia na hawakuona.

Ukoo ukakaa kikao. Baba mdogo wa mume wangu akaniambia, "Mama Glory, wewe umekuja hapa kuolewa. Godlisten amezaliwa hapa. Ukisema hukuona, jambo limekwisha. Ukisema umeona, tutajua ulikuwa upande gani tangu mwanzo."

Nikasema, "Baba, niliona."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameniambia tukiwa wawili, "Sikukuoa ili useme uongo. Ila sijui nitamtazamaje Mama." Pale kikaoni aliinamisha kichwa, na sikumlaumu, yule ni ndugu yake wa tumbo moja.

Mama mkwe alianza kusema kwa Kichagga, halafu akageuza Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Simu ile ilipopigwa, huyu alikuwa ameketi karibu yangu anamenya ndizi. Namba yangu hakuipeleka popote. Na panga alishika Godlisten, mimi ndiye mama yake na nilikuwepo. Nitakwenda kusema mwenyewe. Msimbebeshe mtoto wa watu mzigo uliotoka tumboni mwangu."

Baba mdogo akasema, "Shemeji, utampeleka mwanao jela?"

"Nimemzika mmoja. Huyu angalau nitajua alipo."

Alituma watu msituni wamwambie Godlisten kwamba mama anamwita. Akaja, amekonda, macho mekundu. Mama mkwe alimpa maji ya kuoga na chakula, akamvalisha shati la baba yake, wakashuka wote wawili kituoni kwa miguu. Sasa yuko mahabusu, kesi inaendelea. Nimekwenda kumwona. Aliniuliza kama yule mtu anaweza kushika kijiko. Nikamwambia anajifunza kwa mkono mwingine. Akageukia ukutani.

Kijana anaitwa Josephat, wa Kibondo, mlima wa pili kutoka kwetu. Mkono haukupona, waliukata wote kuanzia chini ya kiwiko. Yeye ndiye aliyewaambia polisi namna wanavyopigiwa na mtu wa wodini mara mgonjwa anapokata roho, na huyo mtu amekamatwa. Duka alilokuwa anafanyia kazi Josephat lilisema halimjui, hata pikapu walikuja kuichukua bila kuuliza kama yu hai. Mimi nilikuwa namfulia. Siku moja mama mkwe alinifuata hospitalini, amebeba jani la isale ndani ya khanga. Huku kwao mtu akikuletea jani hilo anakuomba msamaha kwa jina la nyumba yake yote. Nilimweleza Josephat. Akasema, "Kwetu hatuna jani hilo, mama." Alilipokea, akaliweka kifuani. Hakusema amesamehe na mama mkwe hakumuuliza. Akamwambia tu, "Wewe ndiye uliyenipigia simu?" Akajibu, "Ndiye mimi." Wakakaa hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Msalimie mama mkubwa, mwambie dawa yake ya macho nimeiona mjini nitamtumia. Msalimie baba mdogo mfuga nyuki, na shangazi aliyenifunza kusuka. Sefania mwambie asome kwa bidii na aache kukusomea barua harakaharaka. Mwalimu wa kwaya naye nampa mkono.

Josephat anarudi nyumbani. Mama yake anajua kwamba alikatwa na mashine ya mbao, ndivyo alivyomwambia kwenye simu. Nimemsomea barua hii yote kabla ya kuifunga, nikamuuliza kama kuna la kufuta. Akasema niache kila kitu, kwa sababu hawezi kumwambia mama yake mwenyewe na anataka wewe uende naye. Kwa hiyo mama, mtu aliyekupa bahasha hii, aliyeketi hapo mlangoni Sefania akisoma, ndiye yeye. Amekupa kwa mkono wa kushoto. Usimwone hana adabu. Mpe maji, mpe chakula, kisha chukua fimbo yako umsindikize kwao.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Yusta, Mama Glory