Alama za Mlangoni

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Taka zitoe, funguo ziache hapa mezani, na nakuomba usisafishe kitu kingine chochote!

Nyumba ya watu hii, tumepanga siku tatu tu. Asubuhi umeamka, bila miwani, ukasugua fremu ya mlango mpaka ikang'aa, eti sisi wageni wastaarabu. Ule haukuwa uchafu. Zilikuwa alama za penseli. Mwenye nyumba alikuwa akimpima mwanawe urefu hapo kila mwaka.

~~Akiuliza, tumekuta hivyo.~~ Hapana, nimekwenda kumwambia mwenyewe. Ninayo kwenye simu ile picha yako ya juzi, umeegemea mlango huohuo. Alama za juu zinaonekana zote. Miaka mitatu ya kwanza imezibwa na kitambi chako.

Mama watoto