Sura Inayojulikana

Kwako Kaka,

Salamu nyingi, na zikukute goti limetulia na usingizi unakuja bila dawa. Mimi mwili hauna tatizo, koo tu limenikauka kwa kuongea na watu wasiosikiliza. Nisalimie majirani, hata yule anayeazima gazeti lako kabla hujalisoma.

Uliponiuliza kwenye simu filamu ya Mama imefikia wapi, nilikujibu kwa mkato. Leo nakueleza yote, maana mengine hayasemeki kwa simu.

Nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba mwenye fedha akisoma habari za mwanamke aliyeshona nguo za wagonjwa katika chumba cha chini cha hospitali, akatulea sisi wawili kwa kazi hiyo, ataguswa. Kaka, watu hawa hawasomi. Nilipokewa na mabwana watatu kwenye meza ya kioo, na mswada wangu wameufanya kitu cha kuwekea vikombe vya kahawa. Nikaanza kueleza Mama alikuwa mtu wa namna gani. Mkubwa wao, ambaye tangu siku hiyo namwita Bwana Kioo, akainua kidole.

"Sikuuliza inahusu nini," akasema. "Nimeuliza nani yumo."

Alitaka sura inayojulikana. Bila mtu mwenye jina kwenye bango, fedha hazitoki. Nikamtaja mwigizaji wangu wa jukwaani, mama mtu mzima anayeweza kukuliza huku amekupa mgongo. Wakanitazama kama niliyekosea mlango.

Basi nikaanza kuwinda majina. Kwanza mchekeshaji mmoja mnene, ambaye alikubali papo hapo, ila akataka Mama abadilishwe awe baba ili yeye ndiye ashone. Bwana Kioo akasema wazo hilo lina soko. Halafu mwimbaji, binti wa juzi tu, ambaye meneja wake alinieleza kwa uso mkavu kabisa kwamba hawezi kushika sindano kwa sababu ya kucha. Nikauliza fundi cherehani atashonaje bila sindano. Meneja akanijibu kwamba hayo ni mambo ya kompyuta.

Mwisho Bwana Kioo alichoka nami, akanitajia mwigizaji mmoja wa kike na kusema nikimleta huyo, mengine hayatamhusu, hata nikitaka kurekodi gizani. Jina hilo nivumilie kidogo.

Nilimkuta saluni. Mmoja anamshika nywele, mwingine miguu, wa tatu kazi yake kumshikia simu sikioni, kana kwamba mikono aliisahau nyumbani. Nilisimama pale nikimdharau kwa raha zangu zote. Kisha akawaondoa wote, akatoa kwenye mkoba nakala ya mswada niliyomtangulizia. Ulikuwa umechakaa kwa kusomwa. Katika watu wote hao, Kaka, ni yeye peke yake aliyeusoma. Akaniambia ukurasa ambapo Mama anatukanwa na msimamizi na kunyamaza ni wa uongo, Mama asingenyamaza.

Alijuaje? Alikaa nyumba moja na Mama miaka miwili. Ndiyo, Kaka, ni yeye. Mama wa binti yako, aliyekuachia mtoto anatambaa akaenda kuzifuata kamera.

Alisema atacheza. Alitaka jambo moja tu, binti aje siku moja aketi nyuma ya kamera, hata kama binti hatamsalimia. Nikamwambia mtoto wa kaka yangu si nyongeza kwenye mkataba. Nikatoka, na njiani nikaizika filamu kabisa.

Siku iliyofuata Bwana Kioo alinipigia akiimba. Mwigizaji ametia saini mkataba, na nilipousoma sikuona popote neno kuhusu mtoto. Ni kazi nyepesi kumdharau mtu anayekushikia masharti. Huyu aliniachia bure, nami sikujua niiweke wapi ile dharau.

Ninachokuungamia ni hiki, kwamba nilikubali bila kukuuliza. Tumeanza kurekodi. Jumatatu alikaa kwenye cherehani, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno ya pembeni, kichwa kimeinama kushoto, kama Mama. Kwenye mswada hakuna hilo. Nilisahau kusema "kata" ili kamera izimwe. Mpiga picha akanigeukia, akakuta nimefunika uso kwa kofia.

Sikuandikii ili umsamehe. Mimi mwenyewe sijamsamehe. Akimaliza kazi huwa nampa mkono kama ninavyompa dereva wa lori la taa, na pengine dereva hupata tabasamu zaidi.

Ila juzi binti yako alinipigia. Habari amezisikia redioni kama watu wengine. Hakulia wala hakulaumu. Aliniuliza tu, "Shangazi, naweza kuja kuona?" Nikamwambia anipe muda kidogo, seti imejaa watu. Haikujaa.

Wewe ndiye uliyemsuka nywele na kukesha naye akiwa na homa, kwa hiyo neno ni lako. Ukisema aje, nitamfuata stendi mwenyewe na nitakaa naye kiti kwa kiti. Ukisema asije, hutatajwa. Nitamwambia ni shangazi yake aliyekataa, kwa roho mbaya yake, na wewe ukimsikia ananisema, usinitetee.

Nasubiri jibu lako kwa hamu na hofu. Jifunike vizuri baridi hii, na goti ulikande kwa maji ya moto.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba