Chupa ya Tatu

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Goti la Mama limepoa, na paka wako amezaa tena kwenye kabati la viatu.

Umeuliza kwa nini duka letu limeukataa mvinyo wenu. Barua ya ofisi ilisema ni mchachu. Ngoja nikwambie ukweli.

Tulitafuta mvinyo mmoja wa Marekani, mzuri na usioumiza mfuko, tuwauzie wateja wa huku. Chupa sita zilifungwa magazeti ili tusijue tunaonja nini. Lakini aliyezifunga ni mimi, kwa hiyo nilijua ya tatu imetoka kwenye shamba la mizabibu unakofanya kazi. Keshia alionja akasema, “Jamani, huu ndio wenyewe!” Wote wakanigeukia mimi, mwonjaji mkuu. Nikaogopa watakuja kusema nimembeba dada yangu. Nikaonja, nikatema kwenye ndoo, nikakunja uso.

“Mchachu,” nikasema.

Na nilijua bosi wenu anangoja oda yetu ndipo aamue nani abaki kazini.

Chupa ile nilikuja nayo nyumbani. Kila jioni nimeonja kidogo, nikiutafuta huo uchachu. Leo imeisha, Dada, na sijauona.

Ni mimi,
mdogo wako