Bahasha ya Eikichi

Kambi ya wachimba handaki la reli, Gunma
4 Novemba

Mama mpendwa,

Hujambo? Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, ila kikohozi cha vumbi hakinitoki.

Chama tawala kinachagua mwenyekiti, na atakayeshinda ndiye waziri mkuu. Safari hii hata wanachama wa kawaida wanapiga kura, kwa posta. Usicheke, mimi ni mwanachama. Kampuni ilituandikisha sote kimyakimya. Karatasi yangu ya kura itakuja nyumbani. Usiifungue, nitumie bahasha nzima, msimamizi wetu, bwana Ogata, ataijaza mwenyewe. Anasema atakayeshindwa kuleta atahamishiwa mbele, wanakolipua mwamba kwa baruti. Huko ndiko kaka Eikichi alikofia.

Mwanao,
Tetsuji

Akita
12 Novemba

Tetsuji mwanangu,

Salama? Kikohozi hicho usikidharau, kunywa maji ya moto. Mimi naenda hivyo hivyo. Figili nimezitundika moshini, zinakungoja mwaka mpya.

Zimekuja bahasha mbili. Yako hii hapa, sijaigusa. Ya pili ilikuwa na jina la Eikichi. Nilimwuliza mpeleka barua kama hajakosea, akasema yeye anapeleka tu.

Unakumbuka mwezi wa tatu yule bwana wa kampuni alivyokuja kutupa habari ya msiba, na boksi la keki za maharage, akainama, kisha akasema kaka yako hakuwa mtu wao, alikuwa kibarua tu? Leo wanataka kura, amekuwa mtu wao.

Nimeifungua. Palipotakiwa jina la mgombea nimeandika Eikichi, kwa herufi rahisi wanazoanza nazo watoto, maana ndizo ninazozijua. Nimeipeleka posta mwenyewe.

Mama yako

Gunma
19 Novemba

Mama,

Salamu nyingi. Nguvu zipo? Bahasha yangu imefika, nimeikabidhi. Lakini bwana Ogata alikuwa anangoja na ya kaka. Nikamwambia, "Mzee, huyo amekufa."

"Najua," akasema. "Nilikuwepo. Karatasi yake iko wapi?"

Nikamweleza ulichofanya. Wenzangu walicheka, na yeye akacheka kidogo. Halafu akasema, "Basi wewe utashika nafasi yake."

Tangu jana niko mbele. Maji yanadondoka toka juu mchana kutwa, na hakuna anayepiga soga. Usijilaumu. Jana nilimwaza bwana mmoja wa chama, na tai yake, akisoma jina la kaka kwa sauti, nikacheka peke yangu hadi nikakohoa.

Figili usimpe mtu.

Mwanao,
Tetsuji

Akita
2 Desemba

Tetsuji mwanangu,

Hujambo? Kifua je? Hapa theluji imefika dirishani. Redio imetangaza mshindi, ni yule yule aliyetakiwa na kampuni yenu. Nikasema vizuri, wamepata walichotaka, sasa watakurudisha nyuma. Nikangoja barua yako, haikuja. Nikajiambia ni posta, theluji imefunga njia.

Sasa hivi kuna mtu mlangoni. Namwona kwa dirisha, amevaa tai nyeusi, anapangusa theluji mabegani. Kwapani ana boksi la keki, limefungwa karatasi kama lile la mwezi wa tatu. Ameita mara mbili.

Sijamfungulia. Asimame huko kwanza. Nikimaliza barua hii itabidi nimfungulie, kwa hiyo naandika polepole. Figili zimeiva, mwanangu. Umesikia? Zimeiva vizuri, hazina uchungu hata kidogo. Ukifika usipite mlango wa mbele, theluji ni nyingi, zunguka nyuma kwenye

Ameita tena.

Mama yako