Matuta Ambayo Baba Hakuyabagua

Kaka Anselmi, shikamoo. Huku Mlali mvua imekatika, na Baba magoti yanamsumbua kidogo.

Mimi nimechoka. Unakumbuka vile vifuko vidogo mno vinavyojimega kutoka kwenye ngozi ya bakteria? Tunavichuja maabara na kuvinyunyizia miche ya nyanya, ili ijiandae mapema kupambana na mnyauko, ule ugonjwa unaokausha nyanya. Safari hii tulijaribu shambani kwa Baba, nikamwomba matuta mengine ayaache bila kunyunyizia, tulinganishe. Akanyunyizia yote. Anasema miche ni kama watoto, hawezi kuwalisha hawa na kuwanyima wale.

Nyanya zote zimestawi, nami sina ushahidi wowote kwamba ni dawa yetu iliyozisaidia. Nilipomwambia tutarudia mwakani, akaniuliza taratibu, "Utachagua mwenyewe miche ipi ife?"

Mpigie wewe, Kaka, umwombe mwakani aniachie japo matuta mawili.

Mdogo wako,
Skola