Kiti cha Nyuma cha MiG-21: Kumbukumbu za Kikao cha Nne cha Umoja wa Waunda Ndege Ndogo, Karatu

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni 2025
Mahali: Chumba cha nyuma, dukani kwa Katibu, Karatu mjini

Waliohudhuria:
Mwl. Valeriani Amnaay (mstaafu) – Mwenyekiti
Bi. Leonida Qamara – Katibu
Bi. Namunyak Lekoko, fundi cherehani – Mjumbe

Mgeni mwalikwa: Mzee Mepukori Lekoko wa Endulen, baba yake Bi. Namunyak

Asiyehudhuria: Bw. Inosenti – yuko kreta na wageni (alitoa taarifa)

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA

Mwenyekiti alifungua kikao wajumbe walipokwisha kupata joto la chai, maana ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani. Alimkaribisha Mzee Mepukori, ambaye haoni tena, akamshika mkono mwenyewe hadi kwenye kiti.

KUMB. NA. 4/2: KUKATWA KWA NDEGE

Mwenyekiti alieleza kwamba ndege ya plastiki ya kuunganisha, MiG-21 ya kiti kimoja, ni mali ya umoja, na kikao kilichopita kiliamua iundwe kama ilivyochorwa kwenye boksi. Alisikitika kuikuta imekatwa mgongo kwa msumeno. Aliuliza nani alitoa ruhusa.

Bi. Namunyak alijibu kwamba hakuomba. Alieleza kuwa anaigeuza iwe ile ya mafunzo, yenye viti viwili. Amekata nyuma ya chumba cha rubani, ameunda kiti kingine kwa vipande vya plastiki, ameziba nyufa kwa puti na kupiga msasa. Kioo kirefu cha juu amekitoa kwenye chupa ya maji, akiipasha moto na kuivuta juu ya kibao alichokichonga.

Mwenyekiti alisema kazi ni safi lakini kosa ni kosa. Bi. Namunyak alisema makosa ya Bw. Inosenti huwa yanasamehewa kabla hayajatajwa. Katibu aliombwa asiandike hilo. Limeandikwa.

KUMB. NA. 4/3: SABABU

Alipotakiwa kueleza sababu, Bi. Namunyak alisema baba yake alikuwa fundi wa ndege jeshini ujanani, na siku moja rubani alimpandisha kiti cha nyuma. Aliporudi Endulen na kusimulia, hakuna aliyeamini. Rika lake lilimcheka. Mpaka leo, akipita, wapo wanaotazama juu kwa dhihaka, kana kwamba wanamtafuta angani.

"Nataka aishike angali hai, Mwalimu," alisema. "Nikimpa ya kiti kimoja, atajua kwamba hata mimi simwamini."

Mwenyekiti alisema, kwa heshima zote kwa mgeni, umoja hauwezi kukata ndege kwa ajili ya hadithi. Katibu aliongeza chai.

Mzee Mepukori aliomba apewe ndege. Mwenyekiti alisita, kisha akamwekea mkononi. Mzee aliipapasa kuanzia puani, polepole, kama mtu anayemkagua ndama aliyezaliwa gizani. Kidole kilipofika kiti cha pili kilisimama.

"Hapa," alisema. "Nilikaa hapa."

Alieleza kwamba mbele yake alikuwa akiona kisogo cha rubani tu. Walipofika juu ya nyanda hizi, kreta ilikuwa imejaa wingu hadi ukingoni, jeupe, limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Sauti ya injini ilikuwa kama imebaki nyuma yao. Juu ya lile wingu kilipita kivuli cha ndege, kidogo, kimezungukwa na duara la rangi kama upinde wa mvua, kikiwafuata kila walikokwenda.

"Duara zima?" Mwenyekiti aliuliza.

"Zima, Mwalimu. Na sisi katikati."

Mwenyekiti alivua miwani. Alieleza kwamba mwaka aliofiwa na mkewe alikwenda kusimama ukingoni mwa kreta asubuhi, jua likiwa mgongoni, akakiona kivuli chake mwenyewe juu ya ukungu, kimezungukwa na rangi hizo hizo. Hakumwambia mtu. Alidhani ni macho ya mfiwa.

"Si macho," Mzee Mepukori alisema. "Nami niliziona rangi hizo."

Bi. Namunyak alilia kidogo. Katibu pia.

KUMB. NA. 4/4: MAAZIMIO

Iliazimiwa ndege iendelee kugeuzwa kuwa ya viti viwili. Mwenyekiti alipendekeza kioo kisigundishwe, ili Mzee aweze kuingiza kidole kila atakapotaka. Ilikubaliwa. Bi. Namunyak alipewa onyo kwa kukata bila ruhusa, na alilipokea kwa shukrani.

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGA

Mwenyekiti alitaka kufunga kikao, lakini Mzee Mepukori alikuwa ameinua ndege usawa wa uso, akiigeuza taratibu kuelekea dirishani penye ukungu. Bi. Namunyak alinyoosha mkono aipokee. Mwenyekiti alimzuia.

"Mwache, binti," alisema. "Bado yuko juu."

Wajumbe walikaa wakasubiri. Kikao kilifungwa jioni, ndege ilipotua mezani.

Valeriani Amnaay (saini)
MWENYEKITI

Leonida Qamara (saini)
KATIBU